Kitabu cha Pwani Chini ya Mlima Hanang

Njia panda ya Mogitu ina upepo usiopumzika. Hushuka kutoka Mlima Hanang, ukapita juu ya mahindi na mbaazi, ukainua vumbi la barabara ya Haydom na kulitandaza juu ya lami ya magari yaendayo Singida na Babati. Hapo, pembeni ya magunia ya vitunguu saumu yaliyokuwa yakingoja kupakiwa, msichana mmoja wa sekondari alikuwa amesimama na sweta yake ya shule, anasoma kitabu. Kitabu chenyewe kilikuwa kimepoteza jalada, mgongo umeshonwa kwa uzi mweusi, na pambizo za kurasa zimejaa alama za kalamu za wanafunzi waliomtangulia. Nilipopita karibu nikaliona jina la Yasmin, nikajua ni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Gari la Haydom likafika, kondakta akaita, watu wakasukumana mlangoni. Msichana akamaliza ukurasa kwanza, ndipo akapanda.

Yasmin ana miaka 15 anapoozwa kwa Raza, mwenye duka ambaye kwa umri angeweza kuwa baba yake, na zaidi ya baba. Anamkimbia. Unguja ya miaka ya 1950 inampokea kwa mikono ya Mwajuma, rafiki asiye na kitu ila moyo mpana, kisha inamkutanisha na Denge, kijana anayesakwa na polisi wa mkoloni kwa sababu ya maandishi ambayo serikali haitaki yasomwe. Riwaya hiyo ilichapishwa mwaka 1999, ikaingia madarasani, na mwaka 2021 filamu yake iliyoongozwa na Amil Shivji ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto. Kutoka Mogitu hadi vichochoro vya Unguja ni mwendo mrefu wa nchi kavu, kisha bahari. Lakini wahenga walisema kivuli cha mvumo huwafunika walio mbali. Anayesoma anataka kujua mambo mawili tu: je, wawili hawa watapatana, na je, siri yao itafichuka? Maswali hayo mawili yanamvuta ukurasa baada ya ukurasa, na huku anavutwa, anaijua Unguja ya ukoloni: nani alikaa Mji Mkongwe na nani Ng'ambo, nani alipiga saluti na nani alipigwa virungu, na namna rangi ya ngozi ilivyoamua mtu apendane na nani. Hakuna aliyemwambia kwamba anasoma historia. Ameingia humo akimfuata binti wa rika lake.

Nimekuwa nikilifikiria hilo tangu siku ile. Historia darasani huwafikia vijana ikiwa imeshakauka: Mkutano wa Berlin 1884 hadi 1885, Maji Maji 1905 hadi 1907, sababu tano, matokeo sita. Aliyeandika orodha hiyo hakudanganya, ila ameondoa kitu ambacho kijana angekitambua mara moja, nacho ni umri wa watu wenyewe. Waliobeba mizigo ya misafara walikuwa vijana. Walioozwa bila kuulizwa walikuwa vijana. Waliotoroka usiku, waliojificha porini, waliopeleka habari kutoka kijiji hadi kijiji, baadhi yao hawakuwa wamefikisha miaka 20. Wakati ule haukuwa wa kale kwao. Ulikuwa leo yao, wakiishi bila kujua kesho italeta nini, wakipenda watu ambao hawakuruhusiwa kuwapenda, wakitunza siri ambazo zingeweza kuwaua. Riwaya ya kihistoria ya vijana inapochanganya mapenzi na fumbo inawarudishia watu hao umri wao.

Na Kiswahili si mgeni katika jambo hili. Muhammed Said Abdulla aliposhinda shindano la uandishi la mwaka 1957 na 1958, hadithi yake, iliyochapishwa mwaka 1960, ilikuwa Mzimu wa Watu wa Kale. Maiti inakutwa mahali ambapo watu walipeleka maombi kwa waliotangulia, na Bwana Msa na kiko chake anaanza kuuliza maswali taratibu. Tangu mwanzo kabisa, basi, riwaya yetu ya upelelezi ilisimama juu ya makao ya wazee. Upande wa pili, kisiwani Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe kisa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mke na mume waliopendana huku wakitamani mtoto, naye ndiye aliyekitia katika Kiswahili kikatoka mwaka 1980, yeye akafariki mwaka uliofuata. Humo mna dawa, uvuvi, pombe, ugoni, mahari, maziko, namna ya kumwamkia mkwe. Ulimwengu mzima uliokuwa ukitoweka umehifadhiwa, na kinachoushika usitawanyike ni mapenzi ya watu wawili. Abdulrazak Gurnah naye, katika riwaya iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa jina la Peponi, alimchukua Yusuf, mtoto wa miaka 12 aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, akamtembeza katika misafara ya bara miaka ya mwisho kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na moyo wa kijana huyo ukamwelekea Amina, ambaye hakuwa na ruhusa hata ya kumtazama. Pwani, ziwani, njia za misafara: kila mahali pamepata kitabu chake. Msomaji wa Mogitu anaweza kuvisoma vyote, na katika vyote hataukuta mlima wake.

Mlima huo una zaidi ya mita 3,400, nao unaonekana kutoka mbali kiasi kwamba msafiri huchoka kuutazama kabla hajaufikia. Chini yake, upande mmoja, Ziwa Balangida linang'aa kwa chumvi miezi ya kiangazi. Nchi inayouzunguka ni miongoni mwa sehemu chache sana Afrika ambako jamaa nne kubwa za lugha za bara hili hukaribiana: Wairaqw na lugha yao ya Kikushi, Wadatoga na ya Kinailoti, Wanyaturu na wenzao wa Kibantu, na Wahadza na Wasandawe wenye sauti za kubofya ulimi. Watu ambao lugha zao hazina hata mzizi mmoja wa pamoja wamechota maji kisima kimoja, wamebadilishana nafaka kwa maziwa, wamepigana, wamezikana. Mahali kama hapo hapawezi kukosa mapenzi yaliyovuka mipaka, wala hapawezi kukosa sababu za kuyaficha. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata za Hanang na jirani yake Mbulu zimezama chini na mengi.

Chukua simulizi ambalo Wairaqw hulieleza juu ya asili yao. Kiongozi wao wa zamani, Haymu Tipe, alikuwa na mtoto wa pekee. Mtoto akapotea. Husimuliwa kwamba waliomchukua ni vijana wa Kiiraqw wenyewe, wakamficha msituni ili kumshurutisha mzee awaletee adui wa kupigana naye, na kwamba vita iliyofuata ikaleta maangamizi na safari ndefu ya kuhama. Mwanzo wa taifa, basi, ni mtoto aliyefichwa na baba anayeuliza yuko wapi. Mwandishi wa riwaya ya fumbo asingehitaji kuongeza kitu. Lakini angehitaji kukaa na maswali ambayo simulizi limeyaacha wazi: wale vijana walizungumza nini usiku wa kuamkia tendo lile? Yupo aliyesita? Yupo msichana aliyejua walikomficha mtoto, akanyamaza kwa sababu mmoja wao alikuwa mpenzi wake? Simulizi la wazee hubeba kilichowapata wote. Riwaya huingia pale ambapo mtu mmoja alibaki peke yake na anachokijua.

Lipo jambo jingine, la karibu zaidi na la uchungu zaidi. Katika desturi ya zamani ya Wairaqw kulikuwa na metimani, hali ya kutengwa iliyompata mtu aliyeguswa na jambo lililohesabiwa kuwa la hatari kwa wengine na kwa ardhi yenyewe. Msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa aliangukia humo. Hakuruhusiwa kuzaa katika nyumba ya wazazi wake. Alipaswa kuondoka, ili balaa lisiwaangukie waliobaki. Na wengi walikwenda kwa Wadatoga, watu ambao kwao hofu hiyo haikuwa na nguvu ileile, wakapokelewa, wakaolewa, wakazaa, wakazeeka wakiwa mama wa ukoo mwingine. Watafiti wa mila za pande hizi wameyaandika haya. Lakini hebu yafikirie ukiwa umesimama Mogitu, ambako majirani hao wawili wanaishi wakitazamana. Ni mabibi wangapi walizikwa na jina lao la kwanza? Ni familia ngapi zimewahi kugombania malisho na mashamba bila kujua kwamba waliosimama ng'ambo ya mpaka ni wajukuu wa shangazi yao?

Hapo ndipo naiona riwaya. Msichana wa miaka ya 1930, wakati ambao unyago wa Kiiraqw, ulioitwa marmo, ulikuwa ukifikia mwisho wake. Katika kukaa ndani wasichana walijishonea sketi za ngozi, wakazipamba kwa shanga ambazo kila mmoja alizipanga kwa saburi na kwa jicho lake mwenyewe. Miaka mingi baadaye mjukuu, katika boma la Kidatoga, anakuta sketi ya namna hiyo imekunjwa chini ya vitu vya bibi yake, na haifanani na vazi lolote la wanawake wa ukoo huo. Anauliza. Mama anabadilisha mazungumzo. Shangazi anainuka na kwenda kukamua ng'ombe. Kijana anajua sasa kuwa ameshika kitu. Na kama kijana huyo ana mpenzi wake wa Kiiraqw upande wa pili wa korongo, mtu ambaye ameonywa asimsogelee, basi swali la bibi alikuwa nani linakuwa swali la yeye mwenyewe ataruhusiwa kumpenda nani. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Ya bibi yalifichwa miaka mingi, na yanatokea katika kifua cha mjukuu.

Kuna siri nyingine ambazo hazikufichwa na wenyeji, bali zilizikwa na wageni na serikali. Wadatoga humzika mzee anayeheshimiwa kwa namna ya pekee: kaburi lake, bung'ed, huinuliwa kwa udongo na miti, na shughuli yake huchukua miezi, hadi tisa, mpaka watu wa koo za mbali wakusanyike kwa sherehe ya mwisho. Mahali hapo hapasahauliki. Watoto huonyeshwa, maombi hufanywa, na nchi yote hugawanyika katika kumbukumbu kwa makaburi hayo. Kuanzia mwaka 1970 mpango wa ngano uliofadhiliwa na Kanada ulianza katika wilaya ya Hanang. Mashamba saba ya NAFCO, shirika la umma la kilimo na chakula, yakafikia takriban ekari 100,000 za malisho bora ya Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatoga. Matrekta yalilima. Na pale yalipokutana na makaburi, mengi yalilimwa pia. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani katika miaka ya 1980 kudai ardhi yao, na kesi hiyo bado husomwa na wanafunzi wa sheria. Hukumu na ripoti zinataja ekari. Hazitaji kijana wa miaka 18 aliyepata ajira ya kwanza juu ya trekta, akaambiwa anyooshe mstari, huku kando ya shamba amesimama msichana anayemfahamu, na kilima kidogo kilicho mbele ya trekta ni babu ya msichana huyo.

Riwaya za fumbo kwa kawaida huanza na maiti na kumtafuta aliyeua. Hapa fumbo lingeanza na kaburi lisilojulikana tena lilipo, na la kutafutwa lingekuwa mahali. Nani anakumbuka? Yule mzee kipofu anayepima kwa hatua kutoka kwenye mti uliokwisha kukatwa? Yule dereva wa zamani, ambaye sasa ni babu na hataki kuulizwa? Kijana anayeipekua siri hiyo angejifunza kuhusu Operesheni Vijiji iliyowakusanya watu vijijini, kuhusu mkate wa mjini na mahali ngano yake ilikotoka, kuhusu nia njema ya taifa changa lililotaka kujilisha, na kuhusu watu waliolipia nia hiyo. Angejifunza kwa sababu anataka kumpelekea mtu anayempenda jibu moja: babu yako yuko hapa.

Na nani atalinda kumbukumbu hizi zikiwa midomoni tu? Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka, na tope lenye mawe na magogo likashuka hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walifariki. Nyumba ziliondoka na kila kilichokuwa ndani, na kilichokuwa ndani ya nyumba za wazee ni pamoja na picha za harusi, vyeti vya ubatizo, mikoba ya ngozi, vigoda, na wazee wenyewe. Maombolezo hayo yangali mabichi, na hakuna mwandishi mwenye haki ya kuyafanya pambo la hadithi. Lakini yametufundisha kwamba muda wa kuuliza una mwisho, na mwisho huo haupigi hodi.

Hata hivyo kuuliza si jambo jepesi katika nchi hii, na hapo ndipo tafakari yangu imekuwa ikinirudisha kila mara. Ukimya wa wazee wa Mbulu na Hanang una maana. Haukutokana na kusahau. Mama anayebadilisha mazungumzo anamlinda marehemu bibi asisemwe vibaya, anawalinda watoto wasichekwe na wenzao, anailinda ndoa iliyokwisha kuzaa amani. Mwanahistoria akija na daftari lake atahitaji jina, mwaka na ukoo, na akishayapata atakuwa ameanika nyumba ya mtu. Mwandishi wa habari vilevile. Lakini mtunzi wa riwaya hahitaji jina la bibi yeyote. Anaweza kusikiliza masimulizi ya nyumba kumi, akayayeyusha yakawa moja, akampa mwanamke wake jina ambalo halina kaburi, na kila nyumba ikasikia habari yake bila jirani kujua kuwa ni yake. Katika jamii inayoheshimu kwa kunyamaza, riwaya ndiyo njia ya adabu ya kusema kweli. Humwezesha mjukuu kujua bila kumlazimisha mama yake akiri. Kwa hiyo siwezi kuyaona mapenzi na fumbo katika riwaya ya kihistoria kama asali ya kumlainishia kijana dawa chungu. Huku kwetu historia yenyewe imepita njia hizo mbili: imefichwa kama siri, na imefichwa kwa sababu mtu alimpenda mtu.

Kwa sababu hiyo pia riwaya hiyo ina wajibu mzito. Isimvike msichana wa 1930 mawazo ya leo na kumfanya aseme maneno ambayo kinywa chake kisingeyajua. Ujasiri wake uonekane ndani ya mipaka aliyokuwa nayo, kwani hapo ndipo ulipokuwa mkubwa. Isimfanye Mdatoga kuwa mkuki na shuka jeusi tu, wala Mwiraqw kuwa jembe tu, wala mmisionari kuwa malaika au shetani. Isimhukumu bibi aliyefuata metimani kwa hofu ya kweli juu ya watoto wake, wala isimsahau binti aliyetembea usiku akiwa na mimba ya miezi saba. Na isifungue kila fundo. Msomaji kijana anaweza kustahimili kuachiwa swali, iwapo ameona kwamba mwandishi alilitafuta jibu kwa uaminifu.

Milango ya kupitishia kazi kama hiyo ipo. Ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa mwaka 2023, ambayo ina nafasi ya riwaya. Zipo shule za sekondari karibu kila kata, zenye walimu wanaoshona vitabu kwa uzi ili vidumu mwaka mmoja zaidi. Na ipo mila ya maneno yenyewe. Wairaqw wana slufay, dua ndefu ambayo mzee huitamka kwa mpangilio wa kishairi na waliokusanyika huiitikia, wakimwomba Mungu wao, Lo'aa, mvua, uzao na amani. Dua hiyo haikamiliki kwa sauti ya mzee pekee; mwitikio ni sehemu yake. Wazee wa Hanang na Mbulu wameshasema mengi, mengine kwa maneno na mengine kwa kunyamaza, na mwitikio unadaiwa kwa walio na miaka 17 na 20 leo, wanaosoma habari za Yasmin na Denge wakingoja gari.

Kwa kijana huyo ningesema hivi. Adam Shafi hakungoja mtu wa Hanang amwandikie Unguja, na Kitereza hakungoja mtu wa pwani amwandikie Ukerewe. Nenda kwa bibi yako ungali una bibi. Mpelekee maji, msaidie kuchambua maharage, usimuulize jambo kubwa siku ya kwanza. Ukisikia jina limetajwa kisha likaachwa haraka, lishike. Ukiona kitu ambacho hakifanani na vitu vingine vya nyumba hiyo, kitazame vizuri. Kisha kaa uandike kisa cha watu wawili waliopendana mahali hapa, na jambo ambalo hakuna aliyethubutu kulisema juu yao, kwa Kiswahili ambacho Mwiraqw, Mdatoga na Mnyaturu watakisoma pamoja. Watu wa Mogitu wamebeba siri za wenzao kwa miaka mingi kwa sababu walipendana kuliko walivyokubali kusema. Atakayewaandikia hilo, wakalisoma bila yeyote kuaibishwa, atakuwa amewarudishia undugu wao.